Diski Iliyobeba Maneno ya Mwalimu

Mwanangu Gaudensia,

Umetoka sasa hivi kwenda kuaga kwa mama yako mdogo, nami nimejifungia chumbani na kalamu. Miaka yote hii nimewachapia watu barua zao kwa kompyuta, lakini hii yako sitaki ipite kwenye mashine yoyote. Naiandika kwa mkono, na utanisamehe mwandiko.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji wala za chandarua. Mtowisa unakokwenda kuanza kazi ni joto na mbu, unajua, na mama yako mdogo atakuwa ameshakuambia yote hayo mara tatu kabla hujamaliza chai. Nina jambo moja tu, na nimelichelewesha miaka saba.

Ile siku ulipoletewa barua ya kupangiwa kituo cha afya, idara ya kumbukumbu za wagonjwa, tulifurahi nyumba nzima. Kisha ukafika kwenye ule mstari unaosema kwamba kadi za wagonjwa sasa zinaingizwa kwenye kompyuta. Nilikuona ukiikunja karatasi. Nilipokufuata chumbani ulikuwa umekaa ukingoni mwa kitanda, ukasema, "Mama, mimi si mtu wa kugusa kompyuta za watu. Nitaharibu kama nilivyoharibu ile."

Nilikushika mkono nikakwambia, "Hutaharibu." Basi. Nilikuwa na mengine ya kusema, nikayameza.

Gau, ile kompyuta hukuiharibu wewe. Niliiharibu mimi. Nilijua siku ileile kwamba ni mimi, na nikakuacha ubebe. Sasa nitakueleza ilivyokuwa, tangu mwanzo, bila kujipunguzia.

Unalikumbuka duka letu la Majengo lilivyokuwa wakati ule, chumba kimoja, mashine ya fotokopi upande mmoja na ile kompyuta nyeusi upande wa dirisha. Niliinunua kwa ofisi moja iliyokuwa imepata mpya. Ilikuwa imeshafanya kazi miaka mingi kabla ya kunifikia. Wewe uliipenda kuliko mimi. Ukitoka shule ulikuwa unakaa juu ya kreti la soda kwa sababu kiti kilikuwa kifupi, na majedwali yaliyonishinda wewe uliyapanga kwa dakika chache. Wateja walikuwa wakija wananiuliza, "Binti yupo?"

Kila Alhamisi alikuja Mwalimu Wenseslaus kutoka Matai. Alikuwa amestaafu zamani, na presha ya macho ilikuwa inammalizia uwezo wa kuona, kwa hiyo mke wake, Mama Sesilia, alimshika mkono wa shati kuanzia stendi mpaka mlangoni kwetu. Alikuwa anakusanya maneno ya Kifipa. Si yale tunayoyatumia nyumbani. Yeye alikuwa na majina ya kila sehemu ya yale matanuru marefu ya udongo ambayo wazee waliyeyushia chuma, majina ya aina za udongo, namna za kuita upepo kulingana na unakotokea, maneno wanawake waliyoyatumia walipokuwa wakifukia nyasi kwenye matuta. Aliyapata kwa kuzunguka kwa miguu, kijiji hadi kijiji, akiketi na wazee ambao wengi wao walikuwa wameshazikwa alipoanza kuja kwetu.

Mwaka wa kwanza alileta kaunta buku nne, nikazichapa. Kisha macho yakakataa kabisa, akawa hawezi tena kuandika. Akaanza kuyasema kwa mdomo, nami nachapa anavyosema. Tulikwenda hivyo miaka miwili. Mara nyingine wakati wa likizo ulinipokea kiti, na alikuwa anapenda ukiwa wewe. Ukilitamka neno vibaya alikwambia, "Siyo hivyo, binti. Livute kidogo mwishoni," nawe unalivuta, naye anatikisa kichwa taratibu kwa furaha.

Kila Alhamisi kabla ya kuondoka aliniuliza swali lilelile: "Mama Gau, yamekaa mahali pawili?"

Nami nilijibu, "Ndiyo, Mwalimu."

Mara ya kwanza ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeyanakili kwenye flashi. Halafu mteja mmoja akawa na kazi kubwa, flashi ikajaa, nikayafuta nikisema nitayarudisha jioni. Jioni sikuyarudisha. Nikasema nitanunua diski ya nje, ile ya kuchomeka pembeni, niyaweke humo na mengine yote ya duka. Sikuinunua. Lakini Alhamisi ikifika, akiuliza, mdomo wangu ulikuwa umeshazoea. "Ndiyo, Mwalimu." Alikuwa haoni. Asingeweza kuhakikisha.

Na ile kompyuta ilinionya, mwanangu. Haikufa ghafla kama nilivyowaambia watu. Ilianza kuchelewa kuwaka, nikawa naiwasha halafu nafagia duka zima, nikirudi bado inazunguka. Mafaili yakawa yanagoma kufunguka mara ya kwanza, yanafunguka mara ya pili. Kisha ukaja mlio, tik, tik, ndani ya boksi, kama mtu anagonga sufuria kwa ukucha. Asubuhi ilikuwa inaleta maandishi meupe kwenye kioo cheusi, inaomba ijikague diski yake, ile sahani inayotunza kila kitu kilichomo. Ilikuwa inatoa sekunde chache za kubonyeza kitufe kama hutaki. Mimi nilibonyeza. Kila asubuhi nilibonyeza, kwa sababu watu walikuwa wameshapanga foleni na fomu zao mkononi.

Wakati huo tukawa tumenunua ile printa mpya, nayo ikaikataa kompyuta. Mafaili ya wateja nayo yakawa yanafunguka maneno yamevurugika. Kila mtu aliniambia windo yangu, ile programu inayoendesha kompyuta nzima, ni ya zamani, nipige mpya. Nikamwita fundi Beno, yule mwenye kibanda ng'ambo ya barabara. Aliweka sikio kwenye boksi muda mrefu kama nesi anayesikiliza mimba.

"Mama Gau," akasema, "usipige windo kwenye hii. Diski inaumwa. Ukiilazimisha kubeba mzigo wote ule itakufia mkononi. Niachie siku mbili. Nihamishe kwanza vitu vyote, tufunge diski nyingine, ndipo tupige windo."

"Siku mbili siwezi kufunga duka," nikamwambia. "Huu ni msimu wa fomu."

"Basi usiiguse mpaka msimu uishe."

Nikamwambia sawa. Jumatano yake niliifanya mwenyewe.

Nilikuwa na flashi yenye windo mpya niliyopewa na mtu. Nilichomeka nikafuata maelekezo. Mahali fulani katikati kompyuta yenyewe iliniuliza kama nimeshahifadhi vitu vyangu mahali pengine. Nilisoma vizuri kabisa. Nikabonyeza endelea. Nimeufikiria ule mbonyezo mara nyingi kuliko nilivyofikiria siku ya harusi yangu.

Ilianza vizuri. Kisha mlio ukabadilika, tik tik ikawa mkwaruzo, na kioo kikaganda. Nikasubiri. Saa za chakula cha mchana zikapita, nikasubiri. Jua likaanza kuelekea kuzama, bado kimeganda palepale. Nikachoka, nikaibinya swichi nikaishikilia mpaka ikazimika. Nilipoiwasha tena haikuwa na chochote. Ilisema haioni diski.

Asubuhi ya Alhamisi nilifika na boksi la kompyuta kwa Beno kabla hajafungua. Alipoichomoa diski na kuijaribu kwenye mashine yake hakuninong'oneza wala kunigombeza. Alisema, "Sahani imekwaruzika ndani. Pengine ilishakufa kabla hujaizima, pengine kuizima ndiko kulikoimaliza. Hilo hutalijua." Nikamuuliza, je, si virusi? Akanitazama. "Si virusi, Mama Gau. Nilikwambia ni nini."

Saa nne Mwalimu akaingia. Mama Sesilia akamkalisha, naye Mwalimu akavua kofia yake akaiweka gotini kama kawaida. Nikamwambia kompyuta imeharibika.

"Pole," akasema. "Na pale pa pili yapo?"

Nilifungua mdomo nimwambie hapana. Mungu ni shahidi wangu, nilitaka kusema hapana. Wakati huohuo ukaingia wewe na chupa ya chai. Ilikuwa likizo, ulikuwa kidato cha pili, umevaa lile sweta la kijani lililokubana mikono. Nilipokuona nikakumbuka kwamba Jumanne ulikuwa umechomeka flashi ya rafiki yako yenye nyimbo za kwaya. Uliniomba kwanza, na mimi ndiye niliyesema weka. Maneno yakatoka yenyewe.

"Ni huyu mtoto, Mwalimu. Alichomeka flashi ya nyimbo. Virusi vimekula kote, hata pale pa pili."

Ukaiweka chupa chini. Ukanitazama, si kwa hasira, ulikuwa unatafuta. Ukaniuliza, "Mama, ni ile ya juzi?"

Nikasema, "Ndiyo. Ni ile."

Ukapiga magoti mbele yake ukaomba msamaha. Yeye alinyoosha mkono akapapasa hewani mpaka akakipata kichwa chako. Akasema, "Inuka, binti. Sakafu ina baridi." Alimwomba Mama Sesilia amtoe nje, na alipofika kizingitini ukaona ameisahau kofia, ukamkimbizia.

Beno alikuwa amesimama kwenye kibanda chake akiangalia. Nilivuka barabara nikamwomba asiseme. Akasema, "Sisemi. Ila kazi yako usiniletee tena." Miaka saba sasa hajanitengenezea hata kebo. Watu hudhani tuligombania mteja.

Ile diski niliipeleka mwenyewe Mbeya kwa mtu anayesifika kwa kuokoa vitu. Nilikwambia wewe na baba yako nakwenda kununua wino. Baada ya siku nne ilirudishwa imefungwa kwenye gazeti nililoifungia mimi. Hakuna kilichopatikana.

Baba yako alikukataza kukanyaga dukani. Ungeuona uso wako siku hiyo usingelala. Mimi niliuona, nikaendelea kupakua ugali. Hajui mpaka leo. Alikukataza kwa kosa ambalo mke wake ndiye aliyelitenda.

Mwalimu alijaribu tena. Nadhani hilo hukuliona, kwa sababu ulikuwa huruhusiwi kufika dukani. Alikuja Alhamisi tatu, nami nikaazima laptopu. Alikuwa anaanza vizuri, anasema maneno manne, matano, kisha anakwama. Siku moja mteja aliingia akatoka, yeye bado analitafuta neno moja. Akasema, "Hili nilipewa na bibi mmoja akiwa anapepeta ulezi. Uso wake ninao. Neno limetoka." Mama Sesilia akageukia ukutani. Alhamisi ya nne hawakuja. Masika yalipofika tukaletewa habari za msiba.

Unakumbuka mazishi Matai. Nilikuwa na wanawake wenzangu, tumebeba sufuria la maharage kuelekea jikoni, nikakuona umesimama kwenye uzio, mvua inakunyeshea, mwavuli umeushika umefungwa. Mama mmoja alikuambia uingie ukamuage Mwalimu. Ukamjibu, "Siwezi. Mimi ndiye niliyempotezea kazi yake." Nilisikia kila neno. Nilikuwa hatua chache tu kutoka pale. Nilipita, mwanangu. Nikapita na sufuria.

Mambo mengine niliyokutendea maishani nitajibu siku ikifika, lakini hilo la uzio ndilo linalonijia hata nikiwa nimepiga magoti kanisani. Oktoba ile kwenye rozari ya jumuiya kila mtu alisema nia yake, wewe ukasema unaombea maneno ya Mwalimu yapatikane. Watu wakaitikia. Na mimi niliitikia.

Nilijipa sababu nyingi. Nilisema wewe ni mtoto, mtoto husamehewa upesi, mimi nikijulikana wateja wataniachia duka. Nilisema utasahau. Hukusahau. Uliacha somo la kompyuta shuleni. Ukawa hugusi simu ya mtu hata akikuomba umpigie picha. Nilikuwa nakuangalia unavyozidi kuwa mwoga, nami nikawaambia watu kwamba wewe ni mpole.

Jumapili iliyopita, baada ya misa ya kwanza, nilipanda gari kwenda Matai. Nilimkuta Mama Sesilia uani anapukuchua maharage. Nilimweleza yote, kama nilivyokuandikia hapa. Hakuacha kupukuchua. Nilipomaliza akaniuliza, "Mbona unaniambia mimi?"

Nikasema nimekuja kuomba msamaha.

"Mume wangu umechelewa kumwambia," akasema. "Mimi hukunipigisha magoti. Uliyempigisha magoti yu hai, na yuko nyumbani kwako."

Alinipa chai, kwa sababu ni mtu wa namna hiyo. Nikamuuliza kuhusu zile kaunta buku nne za mwanzo. Akasema zipo, zimo sandukuni. Nikamwomba anipe nizichape upya, angalau hizo. Akatikisa kichwa. "Siwezi kukupa wewe, Mama Gau. Binti yako akizitaka, aje mwenyewe." Sikuona haya kulia mbele yake, naye hakunibembeleza.

Sasa kuhusu hiyo laptopu unayoondoka nayo. Tulikwambia baba yako ameinunua ikiwa tayari. Si kweli, ilikuja imechoka na windo ya zamani, na mimi ndiye niliyeitengeneza, siku nne, kazi ambayo zamani ningetaka kuimaliza kabla ya chakula cha mchana. Niliiacha ijikague diski mpaka mwisho, nikiwa nimekaa hapo. Ilionyesha imeanza kuchoka, kwa hiyo niliitoa nikaweka mpya, ya aina isiyo na sahani inayozunguka, maana barabara ya kuteremka bondeni inatikisa hadi mifupa. Niliuliza kwanza kama mashine yenyewe itaimudu windo mpya, ndipo nikaipiga. Picha zako na vyeti vyako nimeviingiza humo, na nakala nimeziweka kwenye diski ya nje, na diski ile niliyoitoa nayo nimeiacha kama ilivyokuwa, sikufuta kitu. Kisha nikazichukua nakala zile, nikazifungua moja moja kwenye kompyuta ya dukani. Nyingine zilikataa, nikazirudia. Zamani nisingejua kama zimekataa, kwa sababu nisingezifungua.

Nimekueleza hayo si ili unisifu. Nataka ujue kwamba mashine hazikuchukii, na mikono yako haina kasoro. Watu watakaokuja dirishani kwako Mtowisa, wengine wametembea na ng'ombe siku mbili, hawatakuwa na nakala ya kadi zao. Ukiona kompyuta ya kituo imeanza kuchelewa, au inalia, sema siku hiyohiyo hata kama foleni imefika barabarani, na wakikununia wakununie. Na mkubwa wako akikuuliza kama kumbukumbu zimekaa mahali pawili, nazo hazijakaa, mwambie hazijakaa. Mimi lilinishinda neno hilo moja.

Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii kwenye begi lako, uikute ukishafika. Nimekaa hapa nikaona kwamba huko ni kukutuma tena ukabebe peke yako, mahali ambapo hakuna anayekujua. Basi nitakupa mkononi ukirudi, kabla hatujala. Nitamwita na baba yako. Utaisoma nikiwa nimekaa mbele yako, na ukitaka aisome yeye kwa sauti, ataisoma.

Sikuombi uniambie yameisha. Ukikasirika, kasirika. Ukisafiri kesho bila kuniaga, nitabaki nyumbani, baba yako atakusindikiza stendi. Na simu yako nikiiona haiji nitajua ni kwa nini, sitakusumbua wala sitawatuma watu waje kukusemesha.

Nasikia lango. Baba yako anakuuliza mbona umechelewa, nawe unacheka, unamwambia mama mdogo hataki kukuachia.

Nainuka.

Mama yako,
Yustina